Sumu ya panya, mdudu wa kooni na valvu ya chuma

Ukitaja Ngara mbele ya rafiki zangu wa Dar, wengi wanakumbuka mambo mawili. La kwanza ni wakimbizi: siku ile ya mwisho wa Aprili 1994 watu wapatao 250,000 walipovuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda ndani ya saa 24, na Benaco ikageuka mji kabla hata magazeti hayajajua inaandikwaje. La pili ni mabasi kusindikizwa na polisi wenye bunduki kwenye misitu ya Biharamulo. Yote mawili nimeyaandika na nitayaandika tena. Leo nina habari ya kitu kinacholingana na kizibo cha soda, ambacho wapo watu wa wilaya zetu hizi mbili wanatembea nacho kifuani.

Ni valvu ya moyo ya bandia. Moyo una valvu nne, milango midogo ya nyama inayofunguka damu ipite, kisha inajifunga damu isirudi ilikotoka. Ikiharibika, daktari wa upasuaji anaweza kuikata na kushona nyingine iliyotengenezwa kiwandani. Wengi tunaiita valvu ya chuma, ingawa siku hizi sehemu inayofunguka na kufunga ni ya kaboni ngumu. Inaweza kudumu kuliko mwenyewe. Ila ina kasoro moja ambayo mafundi wamehangaika nayo kwa zaidi ya miaka 70 bila kuimaliza: damu haiipendi. Damu ikigusa kitu kigeni hutaka kuganda, kama inavyoganda kwenye kidonda. Bonge likijijenga pale mlango unapojipinda, mlango unakwama. Mgonjwa anakosa pumzi, mapafu yanajaa maji, na asipowahiwa anakufa. Ama kipande cha bonge kinakatika, kinapanda kichwani, na hapo ni kiharusi.

Sasa naomba tuelewane kwenye maneno, maana hapa ndipo wengi tunapochanganya. Mtaani tunasema fulani anakunywa "dawa ya kuyeyusha damu". Mara nyingi dawa yenyewe ni wafarini, nayo haiyeyushi chochote. Kazi yake ni kuichelewesha damu isigande. Dawa inayoyeyusha bonge lililokwisha kuganda ni nyingine kabisa. Hiyo hainywewi nyumbani, inaingizwa kwenye mshipa hospitalini, mgonjwa akiwa anaangaliwa saa kwa saa. Moja ni mlinzi wa getini, nyingine ni kikosi cha zimamoto. Nilipoanza kusoma historia zake nilishangaa kukuta kuwa zote mbili zinaanzia mwaka mmoja, 1933, nchi moja, Marekani, kwa watu wawili ambao hakuna hata mmoja wao aliyekuwa anafikiria valvu za moyo.

Tuanze na mlinzi. Februari 1933, katikati ya dhoruba ya theluji, mkulima wa Wisconsin aitwaye Ed Carlson alipakia kwenye gari mtamba aliyekufa, debe la maziwa lililojaa damu isiyotaka kuganda na mzigo wa majani makavu wa kama kilo 45, akaendesha karibu kilomita 300 mpaka mji wa Madison. Alikuwa anamtafuta daktari wa mifugo wa jimbo. Ilikuwa Jumamosi, ofisi imefungwa. Mlango aliokuta wazi ulikuwa wa maabara ya mkemia wa chuo kikuu, Karl Paul Link. Fikiria uko kazini kwako na mtu anaingia na debe la damu!

Ng'ombe wa Kanada na kaskazini mwa Marekani walikuwa wakifa hivyo tangu miaka ya 1920, wanavuja damu mpaka wanaisha. Daktari wa mifugo wa Kanada, Frank Schofield, alikwisha kueleza kuwa chanzo ni malisho ya klova yaliyoota ukungu ghalani. Kilichokuwa hakijulikani ni kemikali gani iliyomo. Link na vijana wake waliitafuta kwa miaka 6, wakaipata 1939. Baadaye wakatengeneza ndugu yake aliye mkali zaidi, akaingia madukani 1948 kama sumu ya panya. Jina lake linatokana na herufi za taasisi iliyogharamia utafiti pale Wisconsin, WARF. Mwaka 1951 askari mmoja wa Marekani aliila kwa makusudi, akapewa vitamini K, akapona. Madaktari wakaona kumbe inadhibitika. Mwaka 1954 ikaruhusiwa kwa binadamu, na mwaka uliofuata Rais Eisenhower alipopata mshtuko wa moyo akawa mmoja wa waliotibiwa nayo. Kwa hiyo ndugu msomaji, ukimwona mama pale Biharamulo anameza kidonge cha wafarini saa 12 jioni, anameza mjukuu wa majani yaliyooza.

Upande wa zimamoto, mwaka huohuo wa 1933 pale Baltimore, daktari William Tillett alikuwa na mirija ya maabara yenye plazima, yaani damu iliyoondolewa chembe zake, aliyoichanganya na bakteria aina ya streptokokasi. Plazima iliganda kama ilivyotarajiwa. Baadaye alipoitazama tena, ile yenye bakteria ilikuwa imerudi kuwa maji. Bakteria walikuwa wanatoa kitu kinachoyeyusha bonge, pengine ili wajipatie njia ya kusambaa mwilini. Kitu hicho kikaja kuitwa streptokinesi. Mwishoni mwa miaka ya 1940 Tillett na mwenzake Sol Sherry walikwisha kuijaribu kwa wagonjwa waliokuwa na damu na usaha vilivyoganda kifuani, na 1958 Sherry akachapisha habari za kuitumia kwa mshtuko wa moyo. Ilichukua miaka mingine karibu 30 dunia kuamini: mwaka 1986 Waitaliano walitoa matokeo ya wagonjwa zaidi ya 11,000, na baada ya hapo hakuna aliyebisha tena.

Hebu sasa tuingize valvu yenyewe. Mwaka 1952 Charles Hufnagel wa Washington aliweka mpira mdogo ndani ya kizimba kwenye mshipa mkuu wa mgonjwa. Ulikuwa unagonga kiasi kwamba watu wa karibu waliusikia. Mwaka 1960 Albert Starr, daktari kijana wa Portland, akishirikiana na mhandisi mstaafu Lowell Edwards, aliweka valvu ndani ya moyo wenyewe. Kabla ya hapo walikuwa wakiwajaribu mbwa, na mbwa walikuwa wakifa mmoja baada ya mwingine. Kilichowaua ni mabonge ya damu. Mgonjwa wa kwanza wa Starr kuishi muda mrefu alidumu miaka 10, halafu akafa kwa kuanguka kutoka kwenye ngazi akipaka rangi nyumba yake. Kila nikiisoma habari hiyo natamani ningekuwa mwandishi wa habari wa Portland siku ile.

Mara valvu zilipoanza kuwekwa kwa maelfu ya watu, likaja swali: ikikwama kwa bonge tufanyeje? Jibu la wakati ule lilikuwa moja, kufungua kifua upya. Upasuaji wa pili ni mbaya kuliko wa kwanza. Nyama za ndani zimeshikana, moyo umechoka, mgonjwa yuko taabani na hakuna muda wa kumtayarisha. Mwaka 1971 jarida la Lancet likachapisha taarifa ya mgonjwa mmoja ambaye valvu yake ya upande wa kulia ilikwama na ikafunguliwa kwa dawa ya kuyeyusha. Upande wa kulia ulifaa kuanzia, kwani kipande kikikatika huko kinaishia kwenye mapafu. Kwa valvu za upande wa kushoto, zilizo nyingi zaidi, kipande kinaweza kwenda moja kwa moja kwenye ubongo. Ndiyo maana kwa miaka mingi vitabu vya Ulaya na Marekani viliiandika dawa hii kama njia ya yule asiyeweza kupasuliwa. Ilikuwa tiba ya kukosa tiba.

Mimi hapa nina maoni yangu. Anayeandika kitabu akiwa na chumba cha upasuaji ghorofa ya pili na daktari wa zamu anayefika ndani ya nusu saa lazima aone hivyo. Ukiwa Rulenge au Nyakahura hesabu ni nyingine.

Na hapa ndipo yule mdudu wa Tillett anaporudi kwetu kwa mlango wa nyuma. Valvu za vijana wetu zinaharibiwa na nini hasa? Kwa sehemu kubwa ni ugonjwa wa moyo unaotokana na homa ya rumatiki. Mtoto anaumwa koo, mafindofindo yanavimba, mama anampa maji ya chumvi asukutue, siku tano imepita. Kwa watoto wachache haipiti. Wiki mbili tatu baadaye viungo vinauma kwa zamu, leo goti kesho kiwiko, na kinga ya mwili iliyokuwa ikipigana na mdudu wa kooni inageukia valvu za moyo. Kila koo linalofuata linaongeza jeraha. Akifika miaka 20 au 25, mara nyingi akiwa binti na mara nyingi akiwa mjamzito, anaanza kushindwa kupanda kilima. Mdudu aliyeanzisha yote haya ni streptokokasi. Ukoo uleule. Mmoja anavunja mlango, na kutoka kwa ndugu yake tunapata dawa ya kuzibua mlango wa bandia tuliouweka badala yake.

Kuna kejeli ya pili ndani ya hiyo ya kwanza. Mwili uliopigana na streptokokasi mara nyingi unakuwa na kinga inayoitambua hata streptokinesi, na unaweza kuizima kabla haijafanya kazi. Australia wameligundua hilo kwa wenyeji wa asili wa kaskazini mwa nchi yao, ambao homa ya rumatiki inawaandama, na miongozo yao ikashauri wapewe dawa nyingine. Yaani wanaoihitaji zaidi ndio ambao huenda ikawagomea. Hata kwa aliyefanikiwa, huwezi kumrudishia streptokinesi baada ya muda mfupi, mwili unakuwa umeijua.

Sasa mtu wa Ngara anaipataje valvu? Kwa miaka mingi njia ilikuwa rufaa ya Wizara ya Afya kwenda India, kwa wale waliofika kwenye orodha wangali hai. Mwaka 2008 Muhimbili ikaanza upasuaji wa kufungua moyo, na 2015 kitengo hicho kikawa Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete. Haya ni maendeleo makubwa na sipendi yanapobezwa. Hata India yenyewe haikuanza ikiwa tajiri. Pale Thiruvananthapuram kikosi cha daktari Valiathan kilitumia miaka mingi kutengeneza valvu yao wenyewe kwa sababu za nje zilikuwa ghali, majaribio ya mwanzo yakashindwa, na Desemba 1990 wakaweka ya kwanza kwa mgonjwa.

Kuwekewa valvu ni siku moja. Kuishi nayo ni kila siku. Kuna dada mmoja wa kwetu, simtaji jina wala kijiji, aliyewekewa yake huko India. Watoto wa nyumbani wanamwita Shangazi Saa, kwa sababu usiku nyumba ikitulia unasikia tik, tik, tik kutoka alipolala. Madaktari walimwambia siku sauti hiyo ikififia asingoje kesho. Walimwambia pia akapime damu kila mwezi, kipimo kiitwacho INR. Kwa mtu asiyetumia dawa kipimo hicho kinakaa kwenye 1 hivi, yeye akiambiwa akae kati ya 2.5 na 3.5. Chini ya hapo ni bonge. Juu sana ya hapo damu inaweza kuvuja hata kichwani. Dozi inapandishwa na kushushwa kufuatana na kipimo, kwani malaria, dawa za mafua, hata mboga zinaivuruga. Sombe, mchicha na matembele vina vitamini K nyingi, ileile iliyomwokoa yule askari. Hakukatazwa kula mboga, aliambiwa ale kiasi kilekile kila wiki. Kwetu mboga zinafuata mvua, sasa "kiasi kilekile" ni maneno ya mtu aliyezoea kununua sokoni mwaka mzima.

Hospitali ya karibu yake, nayo siitaji, ilikuwa na mashine. Kemikali za kupimia zikaisha. Akaambiwa arudi wiki ijayo. Akarudi, jibu lilelile. Msimu wa maharage ukaingia akaacha kwenda. Zilipita kama siku 80 ndipo ndugu zake wakachangishana nauli, na mimi nikamsindikiza Mwanza. Enzi hizo kwa njia ya Geita na Sengerema lazima mpange foleni ya kivuko pale Busisi, daraja lilikuja kufunguliwa Juni 2025. Tulikaa kwenye foleni ile kwa saa kadhaa, na nakumbuka nilikuwa nikijaribu kusikiliza kifua chake katikati ya ngurumo za malori. Kipimo kikatoka 1.4. Daktari akampaka ile jeli baridi, akamwekea kifaa cha eko, akatazama kioo kwa muda mrefu bila kusema neno. Halafu akasema milango yote inacheza vizuri. Dada akalia.

Mimi nikamuuliza daktari, kiuandishi tu, ingekuwa imekwama mngefanya nini? Akanijibu kwa kifupi: kuyeyusha, au kufungua tena kifua. Akaongeza kuwa kwa la pili ingebidi kwanza afike Dar akiwa hai. Makala hii ilianzia kwenye jibu hilo.

Dada huyu si wa ajabu. Utafiti mkubwa uitwao REMEDY uliandikisha wagonjwa 3,343 wa moyo wa rumatiki kwenye hospitali 25 za nchi 14 kati ya 2010 na 2012. Majirani zetu Kenya, Uganda na Rwanda walikuwamo, sisi hatukuwamo. Nusu ya wagonjwa walikuwa na umri usiozidi miaka 28, theluthi mbili wanawake. Miongoni mwa waliokuwa kwenye dawa ya kuzuia damu kuganda, waliokutwa na INR inayotakiwa walikuwa chini ya theluthi moja. Soma tena sentensi hiyo. Tunashona valvu, halafu tunaiacha ijitegemee.

Kwa wanawake mambo ni magumu zaidi. Wafarini inaweza kumdhuru mtoto tumboni, hasa miezi ya mwanzo. Akiacha bila mbadala, valvu inaganda. Mbadala wake ni sindano za heparini, ambazo nazo zinataka vipimo na zinataka kituo cha karibu na mkono wa kudunga. Wapo wanaoacha dawa kimyakimya kwa kumpenda mtoto. Wapo pia wanaoambiwa na jamaa kwamba hiyo ni sumu ya panya, na ubaya ni kwamba jamaa hao hawasemi uongo, wanasema nusu ya ukweli.

Tukirudi kwenye historia, nchi zenye wagonjwa wengi wa namna hii na fedha za kuhesabu ndizo zilizoibadilisha ile "tiba ya kukosa tiba". Mwaka 2009 madaktari wa New Delhi, wakiongozwa na Ganesan Karthikeyan, walichapisha matokeo ya wagonjwa 120 waliopata bonge la kwanza kwenye valvu za kushoto. Wote walipewa streptokinesi, nusu kwa kasi na nusu polepole. Kasi haikuonyesha faida ya kuaminika. Waliopona kabisa walikuwa takriban 6 katika kila 10. Hayo si matokeo ya kushangilia, lakini yalikuwa hesabu ya kweli kutoka hospitali inayofanana na zetu, si maoni ya profesa.

Kisha wakaja Waturuki. Mehmet Özkan na wenzake wa Istanbul waliacha streptokinesi wakachukua dawa mpya zaidi iitwayo alteplesi, halafu wakafanya jambo ambalo mwanzoni lilionekana kama uvivu: wakaipunguza na kuichelewesha. Matokeo yao ya 2013 yalionyesha miligramu 25 kwa saa 6, bila ile dozi kubwa ya kuanzia, inafanya kazi kwa madhara machache kuliko dozi kubwa za zamani. Mwaka 2015 wakaenda mbali zaidi, miligramu 25 zilezile kwa saa 25, tone kwa tone, kurudia ikibidi. Katika matukio 120, tisa kati ya kila kumi yalifanikiwa, na waliokufa hawakufikia asilimia 1. Walikuwa pia wamewatibu wajawazito 24 kwa dawa ya polepole, na hakuna mama aliyekufa, ingawa baadhi ya mimba ziliharibika. Mwaka 2021 hospitali kadhaa za Uturuki zikalinganisha: wagonjwa 83 walioyeyushiwa polepole na 75 waliopasuliwa. Ndani ya miezi mitatu walikufa asilimia 2.4 ya wa kwanza na asilimia 18.7 ya wa pili. Niseme pia upande wa pili, wagonjwa hawakugawanywa kwa kura, na wapo wanaodai waliopasuliwa walikuwa wazito zaidi tangu mwanzo. Ni hoja ya haki. Hata hivyo mwaka 2017 miongozo ya Marekani ilibadilishwa, ikaweka dawa ya polepole na upasuaji kwenye ngazi moja kwa valvu ya kushoto iliyoganda na kumletea mgonjwa dalili.

Nini kinafanya upole ushinde? Bonge linalomomonyoka taratibu linaondoka kama sukari kwenye chai, halikatiki vipande. Na dozi ndogo haizibui vidonda vingine mwilini, hasa vile vya kichwani.

Wengine mtauliza, si kuna dawa mpya za kuzuia damu kuganda ambazo hazihitaji INR? Zipo, na kwa magonjwa mengine zinasaidia sana. Kwa valvu ya chuma zimegoma. Mwaka 2012 jaribio la mojawapo, dabigatrani, lilisimamishwa Ulaya na Kanada kwa sababu waliopewa walikuwa wanapata mabonge zaidi na kuvuja damu zaidi ya wale wa wafarini. Kwa hiyo mpaka leo ninapoandika, mwenye valvu ya chuma yuko mikononi mwa yale majani yaliyooza ya Wisconsin.

Ramani nayo ina maneno yake. Kutoka Rusumo mpaka Dar ni kama kilomita 1,300. Kutoka Rusumo mpaka Kigali ni kama 160, na pale hospitali ya King Faisal timu ya madaktari kutoka Boston iitwayo Team Heart ilianza mwaka 2008 kuwawekea Wanyarwanda valvu na kufundisha wenyeji. Mhangaza akivuka daraja lile haelewi tu lugha ya upande wa pili, ana na shemeji huko. Lakini rufaa za serikali hazivuki daraja kwa ushemeji. Upande wetu, Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Chato ilianza kutoa huduma 2021, na Chato ilikuwa sehemu ya Biharamulo mpaka 2005, kwa hiyo kidogo tunaweza kusema ni ya nyumbani. Ukifika njia panda ya Nyakanazi na mgonjwa anayehema, kwenda Chato ni suala la saa chache. Kwenda Dar ni mchana na usiku, ukiwa umekaa, miguu imevimba, na dereva anayesimama kwa ajili ya chakula tu.

Ndiyo maana zile saa 25 za Istanbul zimenikaa kichwani. Ni karibu muda uleule ambao basi la kwetu linatumia barabarani. Mgonjwa mmoja anaweza kuutumia akiwa kitandani, dawa ikiingia tone kwa tone na mtu wa eko akitazama mlango unavyolegea. Mwingine anautumia akipita Kahama, Nzega, Singida, Dodoma, Morogoro.

Alteplesi ni ghali, na mimi si daktari wala mhasibu wa Bohari ya Dawa. Sisemi kila wilaya iwe nayo. Dawa hii ikienda vibaya inaua, inataka kitanda cha uangalizi, damu ya akiba na mtu anayejua kusoma eko usiku wa manane. Ninachosema ni kwamba hospitali ya kanda yenye vitu hivyo inaweza kujaribu kumwokoa mtu bila kuwa na daktari wa kupasua moyo, na hilo halikuwa limethibitika miaka 20 iliyopita. Na kwa wilaya, kipo kifaa cha mkononi cha kupimia INR. Unatoboa kidole, unaweka tone moja kwenye kijiti kama cha kupimia sukari, kabla hujamaliza kufunga pamba jibu limetoka. Hakihitaji maabara. Nimekiona mara moja, kilikuwa kwenye begi la muuguzi, chini ya leso yake na chupa ya maji. Vijiti ndivyo vinavyogharimu, na ndivyo vinavyoisha.